Kromosomu ya Mgomba wa Suma

Jumatatu, 5 Juni 2000

Ukungu tangu alfajiri. Duka nimelifungua saa mbili, vidole vikiwa vimekufa ganzi. Nimechapa barua mbili za kuomba kazi, ratiba ya harusi, na mtihani wa kidato cha pili, kurasa sita. Fotokopi imekwama mara tatu.

Mteja akitoka, narudi kwenye kazi yangu. Kompyuta ni ileile. Kwenye kioo cha dirisha nimeandika STESHENARI. Ningeandika “uchambuzi wa mageuzi ya jenomu ya ndizi” nisingepata hata mteja mmoja hapa mtaa wa Bagamoyo, wala Tukuyu nzima.

Huu ni mwaka wa tatu tangu nipunguzwe kazini. Kituo cha utafiti kilibaki na wachache, na jina langu lilibandikwa ubaoni pamoja na la dereva na la mpishi. Nilitoka na diski kumi na nne na programu niliyoiandika mwenyewe. Vingine vyote vilikuwa mali ya serikali.

Makala yangu iko kwa mhariri wa jarida tangu Februari. Bado kimya.

Alhamisi, 8 Juni

Mbeya. Foleni ndefu kwenye duka la intaneti, vijana wote wanaandikiana na wachumba. Barua ya mhariri ilikuwepo.

Wasomaji wawili. Wa kwanza kasifu. Wa pili kaandika mistari minne: matokeo haya hayawezekani, bila shaka majani yalichanganyika mfukoni kabla hayajafika maabara. Mfukoni. Kama vile mimi ni mtoto anayeokota mapera.

Mhariri amenipa miezi mitatu nithibitishe, la sivyo makala inafungwa. Nina hasira. Nimekula ugali wa jana bila kuupasha moto.

Ijumaa, 9 Juni

Hasira imepungua. Naandika nione vizuri ninachodai.

Migomba yetu ya kula haina mbegu. Hupandwa kwa chipukizi, na chipukizi ni mama yake mwenyewe tena. Ni machotara wa migomba miwili ya porini iliyokutana zamani sana huko Asia. Vitabu vyote vinasema kila kromosomu ilitoka nzima, ama kwa mzazi mmoja ama kwa mwingine. Walikutana mara moja, basi.

Kuna mgomba mmoja Suma, kwa Bibi Subilaga. Wenyewe wanauita wa kale tu. Nilichukua jani lake nikiwa bado kituoni. Wairimu, niliyesoma naye chuo, alilisoma katika maabara yake Nairobi na kunitumia herufi za DNA yake. Programu yangu ikaonyesha kitu ambacho hakuna aliyekiandika: kromosomu moja nusu yake ni ya mzazi huyu, nusu ni ya mzazi yule. Imeungwa katikati. Kuungwa namna hiyo hakutokei kwa chipukizi. Lazima machotara wale walizaa mbegu, na mbegu zikaota, vizazi na vizazi, kabla mtu hajaanza kuupanda kwa chipukizi.

Yaani ndizi ina historia ndefu kuliko waliyoipa. Najua ni kweli. Kujua peke yangu hakutoshi.

Jumatano, 14 Juni

Mbeya tena. Barua kutoka kwa Profesa, yule mwenye kitabu ambacho sote tulikisoma chuoni. Amesikia habari za makala yangu, hasemi kwa nani. Ameandika kwa upole sana. Anasema mazingira yangu ya kazi yanaeleweka ni magumu. Nimtumie herufi zote na programu, watu wake warudie kazi yote upya. Jina langu litawekwa kwenye shukrani.

Nimesoma mara mbili. Kijana wa duka akaniambia dada, dakika zako zimekwisha. Nikamwomba tano.

Nimejibu mistari mitatu. Nashukuru. Nitarudia mwenyewe. Utasoma yatakapochapishwa.

Nikabonyeza kutuma kabla moyo haujageuka. Nje nikanunua karanga. Nilikuwa na furaha kama mtu aliyeruka mto.

Jumamosi, 17 Juni

Nimeshauriana na Wairimu kwa simu ya posta. Ili asiwepo wa kusema majani yalichanganyika, tutafanya hivi. Nitachukua majani mapya, ya mgomba wa kale na ya migomba ya kawaida. Kila jani likatwe vipande viwili. Kimoja kiende kwake, cha pili kwa maabara nyingine Afrika Kusini isiyonijua. Vifuko visiwe na majina, namba tu. Na anayepanga namba asiwe mimi.

Nimemwomba Mama Zuhura. Ndiye mwenye jengo hili, ana duka la vitenge upande wa pili wa ukuta. Mumewe alikuwa mchuuzi wa chumvi, yeye kaendeleza biashara peke yake miaka ishirini. Nilimweleza kwa nusu saa. Aliuliza swali moja tu: nikijua namba zako, na wewe usizijue, nani atakayeniamini mimi? Nikamwambia ndiyo maana nimekuchagua, hujui mgomba upi ni upi, na hujali.

Akacheka. “Dokta, hapo umesema kweli. Sijali hata kidogo.”

Jumanne, 20 Juni

Siku mbaya.

Nimeshuka Suma asubuhi. Nilipokaribia kwa Bibi Subilaga niliona mwanga mahali ambapo hapakuwahi kuwa na mwanga. Shamba la migomba halipo. Lote limefukuliwa, udongo mwekundu, mistari ya miche ya chai. Mwanawe Lusajo ndiye aliyefyeka, wiki tatu zilizopita. Kiwanda cha chai kimepata mmiliki mpya, kinanunua majani mabichi kwa mkulima yeyote. Amenieleza bila ubishi. Ana watoto watano shuleni. Ningekuwa yeye ningefyeka pia.

Nimekaa kwenye jiwe. Nilitaka kulia, nikashindwa hata hilo.

Bibi alitoka jikoni akakaa pembeni yangu. Ni mfupi sana siku hizi. Kiswahili chake anakichanganya na Kinyakyusa, akichoka anaacha Kiswahili kabisa. Akaniuliza nasikitikia nini. Nikamwambia mgomba wa kale.

“Mwanangu, mgomba haukatwi ukaisha,” akasema. “Mimi nilikuja nao kutoka kwa mama. Binti yangu Tumpe alipoolewa kule Lupepo nilimpa chipukizi. Nenda kwa Tumpe.”

Kisha akaniongoza hadi korongoni, kule Lusajo alikotupa mashina. Mengi yameoza. Moja limetoa jani, dogo, limejikunja kama sigara. Bibi akalitambua kwa wekundu wa ubavu wake. Nimelikata kwa kisu chake, nikaliweka kwenye chembe za kukaushia.

Ndaga fijo, asante sana, nikamwambia kwa Kinyakyusa. Akanirekebisha matamshi.

Sio siku mbaya.

Alhamisi, 22 Juni

Lupepo. Nimepanda pikapu ya maziwa, nimekaa juu ya makopo. Mvua nyembamba njia nzima.

Tumpe ni mama mzima, ana wajukuu. Mgomba upo nyuma ya jiko lake, mashina manne, umekaa hapo tangu mwaka alioolewa. Nikashusha pumzi. Nilipotoa kisu akasimama kati yangu na mgomba.

Akasema walishakuja watu na gari, miaka ya nyuma, wakakata majani, wakachimba chipukizi, wakaandika madaftari. Wakaahidi kurudi kueleza. Hajawaona tena. Sasa anataka kujua mimi nitarudi au nitaandika kwanza kwa Wazungu ndipo yeye asikie redioni.

Nilitaka kujitetea. Nikakumbuka kuwa mwaka ule nilipochukua jani Suma, nami sikurudi. Aibu ilinipanda hadi masikioni.

“Utasikia wewe kwanza,” nikamwambia. “Kabla ya mtu yeyote.”

Kisha akanishikia jani mwenyewe nikakata.

Kwa jirani zake nimepata majani ya migomba ya kawaida, aina tisa, kila jani na kikaratasi chake cha penseli: nyumba na sura ya mgomba. Jumla kumi na moja. Nina njaa, nimelowa, nina kila kitu.

Ijumaa, 23 Juni

Mama Zuhura ameifanya kazi ile kama kiapo. Alinitoa nje ya duka langu mwenyewe, akafunga mlango. Nimesimama kibarazani saa nzima nikisalimia wapita njia kama mlinzi. Alipofungua, vifuko ishirini na viwili vilikuwa mezani, vyenye namba kwa wino wa bluu, kila namba mara mbili. Orodha, pamoja na vikaratasi vyangu alivyovibandika, kaitia kwenye bahasha, akaifunga kwa gundi, akaipeleka chini ya vitenge kwenye sanduku lake. Ufunguo anaufunga kwenye ncha ya kanga.

Mizigo imeondoka kwa basi la mchana.

Jumanne, 27 Juni

Redio imesema jenomu ya binadamu imesomwa karibu yote. Mteja aliyekuja kutoa kopi ya cheti ameniuliza maana yake nini. Nilimweleza hadi akasahau cheti chake kwenye mashine. Wao wana mashine za kujaza majumba. Ya ndizi, nijuavyo mimi, bado hakuna aliyeianza.

Wivu kidogo. Furaha zaidi.

Jumatatu, 10 Julai

Hakuna habari. Baridi kali. Nimechapa risala, katiba ya kikundi cha akina mama wafugaji, na barua ya talaka. Mwenye talaka alitaka herufi kubwa.

Mwenzangu wa zamani kituoni amepita. Siku hizi anauza dawa za mifugo. Ananishauri niache ndoto, nilete mashine ya pili ya fotokopi. Alinihurumia waziwazi. Nimechukia huruma ile kuliko mistari minne ya yule msomaji wa pili.

Je, kama jani lile la zamani lilichanganyika kweli? Nimeandika. Sasa nimeliona kwenye karatasi. Linawezekana. Kama ni hivyo, nitasema ni hivyo.

Jumatano, 26 Julai

Majibu yamefika, ya Nairobi na ya Afrika Kusini, siku moja. Nimeyapakua Mbeya kwenye diski saba. Diski moja ilikataa, nikarudi kuipakua tena, basi la saa nane likaniacha. Nimerudi na lori la mbao.

Nimeweka tangazo mlangoni: HAKUNA HUDUMA WIKI HII. Programu imeanza kuhesabu saa kumi na moja jioni. Itazichanganya herufi na kuzipanga upya mara elfu, kila mara ikijiuliza kromosomu hii ni ya nani, ili nijue kama jibu ni la kweli au ni bahati tu. Itachukua siku nane.

Jumapili, 30 Julai

Umeme ulikatika wakati wa ibada. Niliona taa za kanisani zikizima, nikatoka kabla ya mahubiri. Najua nilivyoonekana.

Lakini mwezi wa tatu niliandika upya programu ili ijihifadhi kila baada ya dakika kumi. Umeme uliporudi ikaendelea pale ilipoishia. Nimepoteza dakika saba. Dakika saba. Nimejipongeza kwa sauti, peke yangu, kama kichaa.

Ijumaa, 4 Agosti

Naandika polepole, nisisahau chochote.

Imemaliza saa nne asubuhi. Kati ya namba kumi na moja, nane ni za kawaida, kromosomu ile ni nzima, kama vitabu vinavyosema. Namba mbili, namba sita na namba kumi zimeungwa. Mahali palepale. Herufi zilezile kila upande wa kiungo. Maabara zote mbili zinakubaliana.

Tatu. Mimi nilichukua mbili tu za mgomba wa kale: jani la korongoni na la Tumpe. Kumi na moja, toa tisa za jirani. Mbili. Hii ya tatu imetoka wapi? Nikafikiri, ndiyo hivyo, yamechanganyika. Yule mtu alisema kweli.

Nikamwita Mama Zuhura. Akaja na bahasha, akafunga mlango wa duka, akaketi kwenye kiti cha wateja. Nikamwomba asome yeye. Anasoma kwa kidole, neno moja moja.

“Namba mbili. Korongoni, Suma.”

Nikaitikia kwa kichwa.

“Namba sita. Tumpe, Lupepo.”

Nikashika meza.

“Namba kumi. Jirani wa Tumpe, nyumba yenye bati jipya. Umeandika hapa mwenyewe kwamba ndizi zake fupi, jani lina wekundu ubavuni.”

Nikaomba karatasi nione kwa macho yangu. Ni mwandiko wangu, wa penseli, kwenye kipande alichokibandika. Ubavu mwekundu. Nililiona siku ile, mvua ikanisahaulisha. Ni mgomba uleule, au ndugu yake, na wala sikuutambua. Programu imeutambua bila kuuona.

Sijui nililia muda gani. Mama Zuhura akasema, “Basi umeshinda?” Nikamwambia nimeshinda. Akasema alhamdulillah, akaenda kufungua duka lake, maana mteja alikuwa anagonga.

Jumamosi, 5 Agosti

Sijamwandikia mtu. Nimekwenda Lupepo kwanza.

Tumpe alikuwa anamenya maharage. Nilimchorea chini kwa kijiti: mzazi mmoja, mzazi wa pili, kamba mbili zimekatwa na kuungwa. Nilimwambia mgomba wake ulikuwa na mbegu hapo zamani, ukazaa na kuzaa, ndipo watu wakauchagua. Nilimwambia hakuna mahali pengine, kwa ninavyojua, ambapo hilo limeonekana. Akaita wanawe waje waone mchoro. Mkubwa akabisha, akataka kujua kamba inakatwa na nani. Swali zuri kuliko la msomaji wa pili. Nimemweleza hadi karibu nakosa usafiri.

Nikamuuliza Tumpe yule jirani wa bati jipya aliupata wapi wa kwake. Tumpe akainama kidogo. Kumbe alimpa yeye mwenyewe, jirani alipopoteza shamba lake baada ya msiba. Alisahau kunitajia. Mgomba uleule, basi, sio ndugu yake.

Wamenipa mkungu. Nimeubeba begani hadi barabarani.

Jumatatu, 7 Agosti

Nimetuma. Makala mpya, kurasa kumi na nne, pamoja na orodha ya Mama Zuhura iliyopigwa picha, gundi na vidole vyake vya wino vyote vikionekana. Nimeeleza jinsi nilivyopitiwa na namba kumi. Sikuficha. Ndicho kipande chenye nguvu kuliko vyote.

Mwandishi wa kwanza ni mimi. Wa pili Wairimu. Kwenye shukrani wapo Subilaga, Tumpe, Zuhura, majina kamili.

Alhamisi, 21 Septemba

Imekubaliwa. Bila kubadilisha hata neno.

Msomaji wa pili ameandika mstari mmoja: nimeridhika. Huo huo nauchukua.

Nilisimama katikati ya duka la intaneti nikapiga makofi mara moja. Vijana wakageuka. Kijana wa duka akauliza, dada, amekubali kukuoa? Nikamwambia zaidi ya hapo. Wakanishangilia wote bila kujua wanashangilia nini.

Jumanne, 10 Oktoba

Barua ya Profesa. Anasema ameisoma mara tatu. Anasema sura ya tano ya kitabu chake sasa ni ya kuandikwa upya, na ataiandika, na ataeleza kwa nini. Anaomba kutumia programu yangu. Anaomba. Nimempa, pamoja na maelekezo, na sharti moja: ataje ilipotoka, Tukuyu, sio Dar es Salaam wala “Afrika Mashariki”.

Kwa kweli nampenda kidogo leo. Si kila mtu mzima anajua kusema nilikosea.

Chuo kikuu nacho kimeandika. Wana nafasi ya mtafiti mwandamizi, wamepata mfadhili. Nimewajibu kuwa nitakuja kufundisha muhula mmoja kwa mwaka. Miezi mingine migomba iko huku, nami nitakuwa huku. Nilitegemea wakatae.

Wamekubali leo jioni kwa simu ya Mama Zuhura. Alisikiliza mazungumzo yote, kisha akaniarifu kwamba chumba cha nyuma anakibomolea ukuta, duka lipate nafasi.

Jumatatu, 6 Novemba

Mvua za kwanza. Ukungu umeondoka, mlima Rungwe unaonekana hadi kileleni. Fundi wa simu amemaliza saa tano, waya mweusi wa intaneti unapita juu ya mlango. Wairimu ametuma faili moja ya kujaribu. Ilichukua dakika arobaini kuingia, herufi kwa herufi, wateja wakisubiri kopi zao bila kulalamika.

Mchana nimechapa mtihani wa darasa la saba wa majaribio. Nimekula ndizi na maharage. Mama Zuhura amelala kwenye kiti chake chumba cha nyuma, nasikia pumzi zake kupitia ukuta uliobomolewa nusu.

Jenomu ya ndizi ina kromosomu kumi na moja. Nimeisoma moja. Nimekaa, nimevuta kiti, nimefungua faili.

Zimebaki kumi.